Diski ya tarakilishi ikianza kufa, okoa data kabla ya kuitengeneza

DALILI ya mvua ni mawingu. Diski kuu ya tarakilishi nayo, mara nyingi, hutoa ishara kabla ya kuzimika kabisa. Faili iliyokuwa ikifunguka papo hapo sasa inachukua dakika nzima, mashine inakwama katikati ya kazi, au sauti ndogo ya kugongagonga inasikika kutoka ndani ya kasha. Wengi wetu hupuuza ishara hizo. Wengine huzisikia lakini wakakimbilia tiba isiyofaa, na mara nyingi tiba hiyo ndiyo inayomaliza kila kitu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua diski inayoharibika, jinsi ya kubainisha iwapo tatizo ni diski yenyewe au ni kifaa kingine, na hatua za kufuata ili kuokoa yaliyomo. Mhimili wa yote ni kanuni moja: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Diski mpya hununuliwa dukani, ilhali yaliyokuwa ndani ya ile ya zamani hayauzwi popote.

Mwandishi wa makala haya alijifunza kanuni hiyo kwa gharama. Mnamo 2011 nilikuwa mweka hazina wa chama kidogo cha kusaidiana, na kumbukumbu za michango ya miaka tisa zilikuwa ndani ya kipakatalishi changu pekee. Kilipoanza kujikokota, niliendesha programu ya ukarabati iliyokuja na mfumo endeshi wake, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Kulipopambazuka, diski haikutambulika tena. Fundi niliyempelekea aliisikiliza kidogo, akaizima, kisha akaniuliza swali moja: "Mzee, mbona ulianza kuitengeneza kabla ya kuinakili?" Sikuwa na jibu.

Diski hufanyaje kazi?

Ili kuelewa ni kwa nini swali la fundi yule lilikuwa na uzito, ni sharti tutazame ndani ya diski. Diski za kawaida za sumaku zina sahani moja au zaidi zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, ambacho hakigusi sahani bali huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kichwa hicho, chembe ya vumbi ni sawa na jabali katikati ya barabara kuu.

Teknolojia hii si ya jana. Diski ya kwanza ya aina hii iliyotolewa na kampuni ya IBM mnamo 1956 ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na mtambo mzima ulikuwa na uzito wa takriban tani moja. Hata hivyo, uliweza kubeba herufi milioni tano tu, kiasi ambacho leo kinalingana na picha moja au mbili za simu. Kilichobadilika tangu hapo ni ukubwa na wingi wa data. Msingi wa kazi umebaki ule ule: sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea.

Data huandikwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, ambavyo huwa na baiti 512 au 4,096. Kila diski hutoka kiwandani ikiwa na akiba ya sekta za ziada. Sekta moja ikiharibika, diski huitenga kimyakimya na kuweka nyingine mahali pake. Hii ndiyo sababu mtumiaji anaweza kukaa miezi mingi bila kujua kwamba diski yake inaoza kutoka ndani.

Aina ya pili ni diski za SSD, ambazo hazina sahani wala kichwa bali huhifadhi data katika chipu za kielektroniki. Hizi zina kasi zaidi na huvumilia mitikisiko. Hata hivyo, nazo hufa, na kifo chao kina mambo yake ambayo tutayarejelea.

Ishara za hatari

Ishara ya kwanza ni uzito usioelezeka. Diski inayokutana na sekta mbovu hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa, na wakati huo wote mashine huonekana kama imeganda. Ishara ya pili ni faili zinazokataa kufunguka, zinazotoweka, au ambazo majina yake yamegeuka kuwa herufi zisizo na maana. Ya tatu ni tarakilishi kujizima na kujiwasha, au kukwama kabla ya mfumo endeshi kuanza.

Sauti hubeba ujumbe mzito zaidi. Mgongo wa "tik, tik, tik" unaojirudia kwa mpigo maalumu humaanisha kwamba kichwa kinashindwa kusoma na kinarudi mahali pake kuanza upya. Mlio wa kukwaruza ni mbaya kuliko yote, kwa sababu huenda kichwa kimegusa sahani na kila mzunguko unafuta data kabisa. Mvumo dhaifu au mlio wa "bip" bila sahani kuzunguka huashiria kwamba mota au kichwa kimekwama. Ukisikia lolote kati ya haya, zima mashine mara moja. Kuendelea kuiwasha ili "kuhakikisha" ni sawa na kumkimbiza mgonjwa aliyevunjika mguu ili kuona kama kweli umevunjika.

Diski za kisasa pia hujiwekea kumbukumbu za afya zake, zinazojulikana kama SMART. Programu zisizolipiwa kama CrystalDiskInfo kwa watumiaji wa Windows, au smartmontools inayofanya kazi katika mifumo mbalimbali, husoma kumbukumbu hizo. Kati ya vipengele vingi utakavyoviona, vitatu ndivyo vya kutazamwa kwanza. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kutengwa. Namba 197 huhesabu zile zinazosubiri uamuzi kwa kuwa zimeshindwa kusomeka. Namba 198 huhesabu zilizothibitishwa kuwa hazisomeki. Hesabu halisi ya hizi katika diski nzima hupaswa kuwa sifuri. Ikianza kupanda, hata kwa sekta chache, anza kunakili siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, usiifanye SMART kuwa kinga. Watafiti wa kampuni ya Google walichapisha mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba baada ya kosa la kwanza kuonekana wakati diski inapojikagua, uwezekano wa diski hiyo kuharibika katika siku 60 zilizofuata ulikuwa mara 39 zaidi kuliko wa diski isiyo na kosa kama hilo. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu za SMART. Kwa maneno mengine, SMART ikikuonya, iamini. Ikinyamaza, usilale.

Je, ni diski kweli?

Kabla ya kuitangazia diski kifo, chunguza majirani zake. Kebo iliyolegea au kuchakaa huweza kuleta dalili zote za diski mbovu. Katika kumbukumbu za SMART, kipengele namba 199 huhesabu makosa yanayotokea data inaposafiri kati ya diski na tarakilishi. Ikiwa hesabu hiyo inapanda ilhali namba 5, 197 na 198 zingali sifuri, mshukiwa mkuu ni kebo au tundu lake. Zima mashine, badilisha kebo, kisha tazama tena. Hesabu ya awali haitashuka, lakini ikikoma kupanda, umempata mhalifu.

Diski za nje zinazounganishwa kwa USB zina udhaifu wao. Nyingi hupata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, na tundu lisilotoa umeme wa kutosha huifanya diski nzima ionekane kama imeharibika. Jaribu kebo fupi, tundu la nyuma ya tarakilishi ya mezani, au mashine nyingine kabisa. Iwapo diski ina adapta yake ya umeme, jaribu adapta nyingine yenye volti na ampea zile zile.

Vilevile, uzito wa mashine unaweza kusababishwa na diski iliyojaa pomoni, virusi, joto kali au kumbukumbu ya muda yenye hitilafu. Tofauti ni kwamba matatizo hayo kwa kawaida hayaambatani na hesabu za sekta mbovu wala sauti za kugonga. Kanuni ya busara ni hii: ukiwa na shaka, chukulia kwamba ni diski hadi utakapothibitisha vinginevyo. Aliyenakili faili zake bure amepoteza saa chache tu.

Saa ya kwanza

Hatima ya data huamuliwa zaidi na yale yanayofanywa katika saa ya kwanza baada ya tatizo kuonekana. La kwanza ni kuacha. Usiwashe na kuzima mashine mara kwa mara ukitumaini kwamba safari hii itakubali. Kila inapowashwa, mfumo endeshi husoma maelfu ya faili na kuandika mengine mapya, na huenda ikawa hiyo ndiyo mara ya mwisho diski inazunguka.

La pili, usiendeshe programu ya kukagua na kurekebisha diski, kama vile chkdsk ya Windows, juu ya diski inayokufa. Hapa ndipo nilipoteleza. Kazi ya programu hiyo ni kuufanya mfumo wa faili uwe na mpangilio unaokubalika, si kulinda yaliyomo. Ikikuta maelezo ya faili yasiyopatana, inaweza kuyakata. Aidha, ikiagizwa kutafuta sekta mbovu, husoma diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, na hiyo ni kazi ya sulubu kwa kichwa ambacho tayari kinachechemea. Programu hiyo ina mahali pake, lakini ni juu ya nakala, si juu ya diski asilia.

La tatu, Windows ikikuambia kwamba ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika, kataa. Ujumbe huo una maana kwamba mfumo endeshi umeshindwa kuelewa jedwali la faili. Hauna maana kwamba faili hazipo.

La nne, usisakinishe programu ya uokoaji katika diski ile ile unayotaka kuiokoa, wala usihifadhi humo faili ulizookoa. Utakuwa ukijenga nyumba mpya juu ya kaburi unalotaka kulifukua.

La tano ni kuepuka tiba za vijiweni. Wapo wanaoshauri diski itiwe ndani ya friji, igongwe ubavuni au ifunguliwe na "kupulizwa vumbi". Diski iliyotoka katika baridi hutokwa na jasho la unyevu, na unyevu juu ya sahani ni maangamizi. Kuifungua sebuleni huingiza chembe ambazo, kama tulivyoona, ni majabali. Kuigonga kunaweza kukifanya kichwa kikwaruze sahani.

Jinsi ya kunakili

Ikiwa diski ingali inasomeka na haitoi sauti za kutisha, tafuta diski nyingine nzima yenye ukubwa sawa au zaidi. Kisha jiulize: nikiruhusiwa kutoa vitu vitano tu katika nyumba inayoungua, nitatoa vipi? Anza na hivyo. Nyaraka za kazi, hesabu, miswada, picha za jamaa na barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya mashine hutangulia. Filamu, muziki na programu hupatikana kwingine. Nakili folda ndogondogo badala ya kuburuta kila kitu kwa mpigo mmoja, kwani faili moja mbovu inaweza kusimamisha msafara mzima.

Njia bora zaidi ni kutoiwasha tarakilishi kupitia diski inayougua. Mfumo endeshi ukiwa ndani yake, huendelea kuandika bila kukuomba ruhusa. Ichomoe diski na uiunganishe na mashine nyingine kama diski ya pili, au iwashe tarakilishi kwa kutumia flashi iliyotiwa mfumo wa Linux. Mifumo mingi ya Linux inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa.

Iwapo sekta mbovu ni nyingi, kunakili faili moja moja hakutoshi. Hapo inahitajika nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta. Programu inayoheshimiwa na mafundi kwa kazi hii ni GNU ddrescue, ambayo hailipiwi. Ubora wake umo katika mpangilio wake. Kwanza husoma maeneo mazima kwa haraka na kuyaruka yenye matatizo. Baada ya kuokoa kile kilicho rahisi, hurudi kwenye maeneo magumu na kuyamega kidogo kidogo. Hufanya hivyo huku ikiandika katika faili maalumu ramani ya kilichookolewa na kilichosalia, hivi kwamba umeme ukipotea au ukiamua kuipumzisha diski, huendelea pale ilipoachia. Usisahau kuiomba itunze ramani hiyo, kwa sababu bila ramani utaanza upya, na huenda diski isistahimili safari ya pili.

Tahadhari moja haina budi kurudiwa. Programu za aina hii hutii amri bila huruma. Ukibadilisha nafasi ya chanzo na ya kipokezi, utainakili diski tupu juu ya ile yenye data, na hakuna fundi atakayekurudishia. Kabla ya kubonyeza, linganisha ukubwa na namba ya usajili wa kila diski, iliyobandikwa juu yake, na zile zinazoonekana kwenye kiwambo. Ikiwezekana, mwombe mtu mwingine akusomee.

Uwe na subira. Diski nzima isiyo na hitilafu ya terabaiti moja, ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua takriban saa tatu. Iliyo mbovu inaweza kuchukua siku kadhaa. Ielekezee feni isipate joto, na uiache mahali pasipotikisika.

Nakala ikishapatikana, iweke diski ya zamani kando na usiiguse. Kazi yote ya ukarabati sasa inafanyika juu ya nakala, au heri zaidi, juu ya nakala ya nakala. Programu ya TestDisk inaweza kurejesha sehemu za diski zilizopotea na kurekebisha majedwali. Mwenzake PhotoRec hutafuta faili kwa kutambua umbo la mwanzo wake, bila kujali jedwali. Hii huokoa mengi, lakini hupoteza majina na folda, kwa hivyo jiandae kupanga maelfu ya picha zisizo na majina. Hata chkdsk sasa inaruhusiwa, kwani ikikosea, unachukua nakala nyingine.

Kuna kizuizi kimoja ambacho huwashangaza watu. Vipakatalishi vingi vya sasa husimba data kwa siri, na baadhi hufanya hivyo bila mwenyewe kufahamu. Katika Windows, mfumo huo huitwa BitLocker, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Bila ufunguo huo, diski iliyookolewa asilimia 100 ni lundo la kelele. Kwa kawaida ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya mtandaoni ya mwenye mashine. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, na uuweke mbali na tarakilishi.

Faili zilizofutwa na diski za SSD

Kwa diski ya sumaku, faili iliyofutwa kimakosa haitoweki papo hapo. Kinachoondolewa ni maelezo yake katika jedwali, na nafasi yake hutangazwa kuwa wazi. Data yenyewe hubaki hadi itakapoandikiwa juu. Ndiyo maana mtu aliyefuta faili muhimu anapaswa kuacha kuitumia mashine mara moja. Hata kuperuzi intaneti huandika faili mpya.

Kwa SSD hali ni tofauti. Mfumo endeshi huiarifu diski kuhusu nafasi zilizo wazi kupitia amri iitwayo TRIM, na diski huzisafisha yenyewe ili ziwe tayari kutumika. Mara nyingi faili iliyofutwa katika SSD haipatikani tena hata kwa mtaalamu. Zaidi ya hayo, SSD haigongi wala haikwaruzi. Huweza kuwa salama jioni na kutotambulika asubuhi. Baadhi yake, zinapofika ukingoni, hukubali kusomwa lakini hukataa kuandikwa. Ukiona hivyo, usipoteze muda kutafuta sababu. Nakili kila kitu wakati mlango ungali wazi.

Wakati wa kumwachia mtaalamu

Kuna mipaka ambayo mtu wa kawaida hapaswi kuivuka. Diski inayogonga, inayokwaruza, isiyozunguka, iliyoangushwa, iliyozama majini au iliyonusurika moto inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya aina ile ile. Wengine hudhani kwamba inatosha kubadilisha bodi ya saketi iliyo chini ya diski kwa nyingine inayofanana nayo. Mbinu hiyo ilifaulu kwa diski za zamani. Katika diski nyingi za kisasa, bodi hiyo hubeba chipu yenye vipimo vya diski hiyo moja pekee, na bila kuihamisha, bodi mpya haisaidii.

Usikate tamaa haraka, lakini. Mnamo Februari 1, 2003, chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kilipokuwa kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafariki. Miezi kadhaa baadaye, diski iliyokuwa imebeba matokeo ya jaribio la kisayansi ilitambuliwa miongoni mwa mabaki, ikiwa imeungua na kuharibika vibaya. Wataalamu wa uokoaji walifaulu kutoa takriban asilimia 99 ya data, na utafiti uliotokana nayo ukachapishwa mwaka 2008. Bahati ilichangia, kwani sehemu za sahani zilizokuwa na data hazikuwa zimeguswa. Lakini kuna somo pia. Diski hiyo ilianguka kutoka angani, ila hakuna aliyeiwasha mara 20, aliyeifomati wala aliyejaribu kuirekebisha kabla haijafika mikononi mwa mjuzi.

Unapomkabidhi fundi diski, iwe ni katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi au katika duka la mtaani kwenu, muulize maswali manne. Je, ataanza kwa kutengeneza nakala? Je, atafanya kazi juu ya nakala au juu ya diski yenyewe? Je, utalipa iwapo hakuna kitakachopatikana? Na je, utarejeshewa diski ya zamani? Fundi anayeahidi mafanikio ya asilimia 100 kabla ya kuiona diski ni wa kuepukwa. Ikiwa ana mpango wa kuifungua juu ya meza ya duka, chukua mzigo wako uondoke.

Kumbuka pia kwamba unamkabidhi mtu maisha yako. Kama diski ina taarifa za wateja, wagonjwa, wanafunzi au wanachama, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuwajibisha wewe unayezihifadhi. Andikiana naye, hata kwa karatasi moja, kwamba hatabaki na nakala yoyote.

Kinga ni bora kuliko tiba

Wapigapicha na wahifadhi wa nyaraka hufuata kanuni ya 3-2-1: kuwa na nakala tatu za data muhimu, katika aina mbili za vifaa, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwa mwananchi wa kawaida, hii inaweza kuwa tarakilishi yenyewe, diski ya nje, na akaunti ya kuhifadhi mtandaoni au diski nyingine nyumbani kwa ndugu. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, kwa sababu virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufunga pia nakala iliyoachwa imeunganishwa.

Nakala isiyojaribiwa haihesabiki kuwa nakala. Mnamo 1998, amri moja iliyoandikwa kimakosa katika studio ya Pixar ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Nakala rudufu zilipotafutwa, ilibainika kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa kwa kuwa mkurugenzi wa kiufundi, Galyn Susman, alikuwa na nakala katika tarakilishi ya nyumbani, alikofanyia kazi baada ya kujifungua. Kila baada ya miezi michache, chagua faili tatu kutoka kwenye nakala yako na ujaribu kuzifungua.

Umeme nao ni adui. Mwaka wa 2023 pekee, Kenya ilikumbwa na giza la kitaifa mwezi Agosti, Novemba na Desemba. Diski inayokatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuacha jedwali likiwa nusunusu, na umeme unaporejea kwa kishindo huweza kuunguza saketi. Kifaa cha UPS kwa tarakilishi ya mezani, au walau kinga ya mshtuko wa umeme, ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara. Mwenye kipakatalishi asikisogeze wala kukitupa kitandani kikiwa kimewaka, iwapo kina diski ya sumaku.

Na kuhusu chama chetu, tulilijenga upya daftari la michango kutokana na stakabadhi za wanachama na kumbukumbu za vichwa vyao. Mama mmoja alileta karatasi zilizoloa mvua hadi wino ukafutika. Alisema alilipa kila mwezi, nami nilijua kwamba ni kweli, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea fedha zake. Lakini neno la mweka hazina aliyepoteza vitabu halina nguvu mbele ya mkutano. Alikubaliwa sehemu tu ya michango yake, na kuna wanachama wawili ambao hadi leo hawaamkiani.

Tangu siku hiyo, jioni ya kila Ijumaa hunakili kazi za wiki katika diski ya nje, nikaichomoa na kuitia kabatini. Shughuli hiyo huchukua dakika kumi. Hesabu za chama, nazo, huchapishwa kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi, na kila mwanachama hupewa nakala yake.